Haibridi na miujiza ya nishati: kukagua gari, kisha kukagua ahadi

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, ikiwa ni ile isiyochomekwa kwenye umeme wa ukutani, ina chanzo kimoja tu cha nguvu: petroli iliyo tangini. Mota inakula umeme wa betri, betri inajazwa na injini au na breki, na hata umeme wa breki ni petroli ile ile iliyokwisha kuchomwa ili gari lipate mwendo. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilizuia tangazo la Lexus lililosema magari hayo yanajichaji yenyewe. Hayajichaji. Yanaokota chenji ambayo gari la kawaida huitupa njiani.

Ukiishika hesabu hiyo, zana zile zile zitakufanyia kazi mbili: kujua kama haibridi iliyotumika unayotaka kununua bado ina uhai, na kujua kama kifaa au betri mpya unayouziwa ina kitu ndani.

Hesabu ya betri

Chukua Prius, haibridi ya Toyota, ya 2004 hadi 2009. Betri yake kubwa ni moduli 28 za nikeli, yaani vibetri vidogo, zilizofungwa mfululizo, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Uwezo ni ampea-saa 6.5, yaani kama kilowati-saa 1.3. Lita moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 8.9. Kwa hiyo betri nzima ikijaa inabeba nishati sawa na mililita 150 za petroli, nusu ya chupa ndogo ya soda. Tena kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote. Huichezesha kati ya asilimia 40 na 80 hivi ili isichakae upesi.

Basi mbona gari linaokoa mafuta? Kwa sababu betri ile ndogo inaiwezesha injini kuzima pale ambapo ingeungua bure: kwenye foleni, kwenye mteremko, kwenye mwendo wa kinyonga. Inapowaka, inawaka kwa mzigo inaoupenda, na sehemu ya nguvu za breki inarudi badala ya kuishia kuwa joto kwenye diski. Safari ndefu ya kasi moja haina breki wala foleni, kwa hiyo akiba hupungua sana. Anayekwambia haibridi huokoa zaidi kwenye barabara kuu, jua hesabu hii haijamkaa.

Kukagua haibridi iliyotumika

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari likiwa la baridi, halijawashwa siku hiyo. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, rudi kesho. Magonjwa mawili matatu makubwa hujificha injini ikishapata joto.

Anza na betri ndogo ya volti 12 kabla ya kuwasha chochote. Haibridi nyingi hazitumii betri hiyo kuzungusha injini; kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei, yaani swichi, za betri kubwa. Kwa multimita ipime: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.0 imechoka. Kisha washa hadi maandishi ya READY yatokee na upime tena. Usome kati ya 13.8 na 14.5. Betri ndogo iliyochoka huwasha taa nyingi za dashibodi kwa pamoja, na kuna watu wamebadilishiwa betri kubwa wakati ugonjwa ulikuwa kwenye hii ndogo. Na usikubali haibridi itumike kuwashia gari jingine kubwa kwa nyaya: haina alteneta, ina kibadilishi cha umeme ambacho hakikutengenezwa kwa mzigo huo.

Sasa chomeka kifaa cha kusomea kompyuta. Kiwe kinachosoma kompyuta ya betri kubwa, kwa sababu vile vya bei rahisi husoma injini peke yake. Kabla ya kodi, yaani namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta, tazama kilomita zilizotembewa tangu kodi zifutwe. Kama ni 12, mtu amefuta taa asubuhi ile. Tazama pia kama majaribio ya ndani ya gari yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika kwenye gari linalosemekana hutembea kila siku, jibu ni hilo hilo.

Kodi za kuzijua kwenye Toyota: P0A80 ni betri kubwa kuhitaji kubadilishwa. P3011 hadi P3024 hutaja kundi gani la moduli limedhoofika, maana gari hupima moduli mbili mbili, makundi 14. P0AA6 ni umeme mkubwa kuvujia bodi ya gari. P0A93 ni upozaji wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa mota. C1391 ni presha ya breki kuvuja kwenye tangi lake dogo.

Kodi zikiwa safi bado hujamaliza. Mweke mwenzako kwenye kiti cha abiria aangalie volti za makundi yote 14 wakati wewe unaongeza kasi kwa nguvu kutoka kilomita 20 hadi 60 kwa saa, kisha unafunga breki taratibu. Gari likiwa limetulia, tofauti kati ya kundi la juu na la chini isizidi volti 0.2. Chini ya mzigo, 0.3 hadi 0.5 inavumilika kwa betri ya umri. Ikikaribia volti 1, betri iko njiani kufa hata kama taa haijawaka. Angalia pia kama ni kundi lile lile kila mara. La katikati likiwa ndilo linalozama, sababu karibu kila mara ni joto, kwa kuwa moduli za katikati hazipati upepo kama za pembeni.

Kuna jaribio jingine lisilotaka kifaa. Egesha gari, READY ikiwa imewaka, kiyoyozi juu, taa zimewashwa, uhesabu dakika. Betri nzima ina kilowati-saa 0.5 hivi za kutumika. Mzigo wa kilowati 1 ungeimaliza kwa nusu saa, na kwa kuwa kawaida haianzi ikiwa imejaa, dakika 10 hadi 15 kabla ya injini kuwaka ni hali njema. Injini ikiwaka kila baada ya dakika 2 na mistari ya betri ikipanda na kushuka kama lifti, mfuko umetoboka.

Usimalize bila kutafuta tundu la hewa la betri. Kwenye nyingi liko pembeni mwa kiti cha nyuma au chini yake, na hunyonya hewa ya ndani ya gari. Fungua kifuniko. Utakuta nywele za mbwa, uzi wa mikeka, makombo, wakati mwingine zulia la vumbi zito kama sufi kwenye mapanga ya feni. Kazi ya kulisafisha ni dakika 20 kwa brashi laini na kipulizio, nayo huongeza umri wa betri kuliko dawa yoyote inayouzwa kwa jina la kufufua betri. Usipige maji.

Upande wa injini, Prius za 2010 hadi 2015 zenye injini ya lita 1.8 zina ugonjwa wa kuufahamu. Kipoza cha moshi unaorudishwa ndani ya injini hujaa masizi, na gasketi ya silinda hedi huanza kupitisha. Dalili ni kumisi na kutetemeka kwa sekunde kadhaa asubuhi, kisha injini inatulia kana kwamba hakuna kitu, huku maji ya rejeta yakipungua bila tone chini. Hapa ndipo ile boneti ya baridi inapolipa. Kwa gari ambalo bado halijaugua, kufungua na kuosha kipoza hicho kila kilomita 100,000 hivi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hedi.

Kwenye kizazi cha 2004 hadi 2009, fungua chupa ya maji ya inveta READY ikiwa imewaka na utazame ndani: maji lazima yawe yanazunguka na kutibuka. Yakiwa yametulia kama ya mtungini, pampu yake imekufa na inveta inaungua polepole. Breki uzisikilize: pampu ikilia kila sekunde chache wakati hujakanyaga pedali, presha inavuja.

Ulizia pia kiyoyozi kama kimewahi kujazwa gesi. Kompresa ya haibridi inaendeshwa na umeme mkubwa, na mota yake imelowa kwenye oili ya mfumo. Inataka oili ya aina ya ND-11, isiyopitisha umeme. Fundi akiweka oili ya kawaida ya viyoyozi, umeme huanza kuvuja na gari linakuja na P0AA6 ambayo watu huitafuta kwenye betri wiki nzima.

Betri ikifunguliwa

Hapa ndipo watu hufa, kwa hiyo mpangilio haubadilishwi. Zima gari, peleka ufunguo mbali. Ondoa hasi ya betri ndogo. Vaa glovu za umeme za daraja 0, zinazofaa hadi volti 1,000. Kabla ya kuvaa, zikunje kuanzia kwenye mkono ili hewa ibaki ndani, uzisogeze karibu na shavu usikie kama kuna tundu. Vuta plagi ya machungwa ya huduma, uitie mfukoni mwako asije mwingine akairudisha. Subiri dakika 10 ili kapasita za inveta, vifaa vinavyohifadhi umeme, ziumwage, kisha pima kwenye nyaya za kuingia inveta uone sifuri. Sifuri hiyo ni ya upande wa inveta tu. Ndani ya boksi, moduli bado zina umeme wake, na kila nusu ya betri inaweza kuua.

Ziandike moduli 1 hadi 28 kwa kalamu nzito kabla ya kugusa chochote. Zimepangwa zikigeukiana, chanya karibu na hasi, na moja ikirudishwa kinyume utaunguza vitu ambavyo havipo dukani.

Kagua vipande vya shaba vinavyounganisha moduli kabla hujailaumu moduli yoyote. Kutu ya kijani ni ya kawaida kwenye betri ya miaka kumi, na ukinzani wake hulidanganya gari lione kundi dhaifu. Loweka vipande kwenye siki yenye chumvi kwa saa kadhaa, suuza, kausha kabisa. Wakati wa kurudisha, nati za milimita 8 zinakazwa niutoni-mita 5.4 tu. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono; ukitumia nguvu ya bega, mguu wa moduli unakatika na moduli ndiyo imekwenda.

Kila moduli ina seli 6 za volti 1.2. Iliyopumzika inasoma kati ya 7.5 na 8.2. Ukikuta moja kwenye 6.6 wakati wenzake wako 7.8, umeikuta maiti: seli moja ndani imekufa na kuondoka na volti zake 1.2. Kwa zile zinazosoma sawa, funga balbu ya taa ya mbele, volti 12 wati 55, kwenye moduli moja kwa dakika 2 kamili. Andika volti ya kuanzia, ya dakika ya 2, na ya baada ya kupumzika dakika 1. Usitafute namba takatifu. Tafuta zinazotofautiana na kundi. Zinazozama volti 0.3 zaidi ya wastani uzitenge.

Kubadilisha moduli moja na kufunga boksi ni kazi ya kuirudia. Moduli mpya kati ya 27 zilizochoka haitawaongoza wenzake; wenzake wataanguka mmoja mmoja, na kila mara utavua viti vya nyuma tena. Ukilazimika, chagua moduli zenye uwezo unaokaribiana, uzichaji na kuzimwaga mara 3 zikiwa zimebanwa kati ya mbao mbili maana huvimba, kisha uziunganishe zote sambamba usiku mzima zilingane. Ukishakuta moduli 5 au 6 mbovu, acha kushona viraka.

Kupima ulaji wa mafuta bila kujidanganya

Vifaa vyote vya kuokoa mafuta huishi kwenye mwanya mmoja: mwenye gari hajui gari lake linakula kiasi gani hasa. Namba ya dashibodi haitoshi, kwa sababu ni makadirio ya kompyuta, na mara nyingi humpendeza dereva kuliko pampu inavyompendeza.

Jaza tangi kwenye pampu ile ile, gari likielekea upande ule ule, uache pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Tembea hadi tangi libakie robo, jaza tena kwa namna ile ile. Lita 38.4 kwa kilomita 812 ni 38.4 gawanya kwa 812 mara 100, yaani lita 4.73 kwa kilomita 100.

Kosa la pampu kujikata mapema au kuchelewa linaweza kufika lita nzima, na lita moja katika 38 ni asilimia 2.6. Kwa hiyo tangi moja haliwezi kuonyesha akiba ya asilimia 3, hata kama ipo. Pima tangi 3 bila kifaa, 3 na kifaa, kisha 3 baada ya kukiondoa. Hatua ya tatu ndiyo wauzaji huiogopa. Akiba ikibaki baada ya kifaa kutoka, iliyobadilika ni miguu yako: mtu aliyelipia kifaa huanza kuendesha taratibu bila kujijua. Upepo wa tairi upime kila wiki, tairi zikiwa baridi, na usibadilishe oili wala njia katikati ya jaribio.

Gesi ya maji, sumaku na ndugu zake

Kifaa kinachouzwa zaidi ni chupa ya kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa umeme wa gari, gesi ikaingizwa kwenye hewa ya injini. Tuipigie hesabu kwa ukarimu wote.

Seli 6 mfululizo, ampea 20, volti 13.8: ni wati 276. Ampea moja kwa saa moja hutoa lita 0.42 za hidrojeni kwa kila seli, kwa hiyo kifaa hiki kinatoa lita 50 kwa saa. Lita 50 za hidrojeni zikiungua ni sawa na wati 150. Gari linalokula lita 4 kwa saa linachoma petroli ya wati 35,600. Mchango wa gesi ni asilimia 0.4.

Na zile wati 276 zimetoka wapi? Kwenye petroli. Injini ya haibridi, ikiwa katika hali yake bora, hugeuza asilimia 37 hadi 40 ya petroli kuwa kazi. Njia ya umeme hadi kwenye betri ndogo tuipe asilimia 80. Inakuwa wati 930 za petroli ili upate 150 za gesi. Nyingine zimekuwa joto. Kifaa kizuri kabisa cha aina hii kinakula asilimia 2 ya mafuta yako.

Muuzaji mjuzi atageuza maneno: gesi haiongezi nishati, inaisaidia petroli iungue vizuri. Injini ya leo iliyo nzima inaunguza petroli kwa zaidi ya asilimia 98. Hasara kubwa iko kwenye joto linalotoka na moshi na maji ya rejeta, na kuungua vizuri zaidi hakuigusi. Hapo ndipo hutokea kisanduku cha pili, kinachoidanganya kompyuta kuhusu sensa ya oksijeni ili ipunguze petroli. Hicho kinaweza kweli kushusha ulaji kwa muda. Bei yake ni mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), valvu za moto na kichujio cha moshi kilichoyeyuka.

Sumaku kwenye mpira wa mafuta haihitaji hesabu ndefu: petroli haishikwi na sumaku. Kidude kinachochomekwa chini ya usukani kikiwakawaka taa, kifungue. Mara nyingi ndani kuna taa na kinachoziwasha, basi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekagua vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta na halijapata kinacholeta tofauti kubwa.

Gari la maji lina historia yake. Stanley Meyer wa Ohio alidai seli yake inaendesha gari kwa maji. Mwaka 1996 wataalamu walioitwa mahakamani walikuta ni utenganishaji wa kawaida wa maji kwa umeme, na mahakama ikaona ni ulaghai, ikaamuru wawekezaji warudishiwe pesa. Genepax ya Osaka ilionyesha gari la maji mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikafunga. Maji ni majivu ya hidrojeni, tayari yameshaungua. Kuna metali, alumini mojawapo, zinazoweza kutoa hidrojeni kwenye maji, lakini hapo mafuta ni metali, na itaisha.

Jenereta kwenye gurudumu "ili betri ijichaji ukitembea" nayo ina hesabu ya mstari mmoja. Mota asilimia 90, jenereta 90, kuchaji 90: kati ya 100 zilizotoka zinarudi 73. Steorn ya Ireland ilitangaza mwaka 2006 kwamba imepata nishati isiyo na chanzo, ikaita yenyewe jopo la kuipima. Mwaka 2009 wajumbe 22 wakasema hawakuonyeshwa nishati yoyote. Na hati ya hataza isikubabaishe: inasema wazo ni la nani, haisemi kwamba linafanya kazi.

Ahadi zisizoiva

Kuna teknolojia za kweli ambazo bado ziko jikoni, na hizi ni ngumu zaidi kuzikagua kwa sababu sayansi yake ni halali. NASA hutumia ngazi 9 za ukomavu: 1 ni kanuni kuonekana, 9 ni kitu kufanya kazi katika mazingira yake halisi. Habari nyingi za "betri mpya" ni za ngazi ya 3 au 4, seli ndogo ya maabara, zikiandikwa kwa lugha ya ngazi ya 9.

Kumbuka mwendo wa vitu. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991. Nissan Leaf iliingia sokoni mwishoni mwa 2010. Betri za lithiamu zisizo na kimiminika ndani, Toyota ilizitarajia mapema miaka ya 2020. Mwaka 2023 ikataja 2027 hadi 2028. Hakuna utapeli hapo. Kutengeneza seli moja na kutengeneza milioni moja zinazofanana ni fani mbili. EEStor ya Texas iliahidi kapasita ya kuliendesha gari, na ZENN Motor ya Kanada ikajenga mipango juu ya ahadi hiyo. Kifaa hakikufika barabarani. Nikola ilionyesha mwaka 2018 video ya lori likitembea, kumbe lilikuwa likiserereka mteremkoni. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alipatikana na hatia ya ulaghai mwaka 2022, kisha akasamehewa na rais wa Marekani mwaka 2025.

Unaposoma ahadi mpya, fanya mahesabu mawili kabla ya kusisimka. La chaji: kilowati-saa 60 kwa dakika 5 ni kilowati 720; uliza waya gani na kituo gani kitatoa hizo. La jua: paa la mita 1.5 za mraba lenye paneli za asilimia 20 hutoa wati 300 za saa sita mchana, na kwa siku yenye saa 5 za jua kamili ni kilowati-saa 1.5. Gari linalotumia kilowati-saa 15 kwa kilomita 100 litatembea kilomita 10. Ni kitu, lakini hakifuti tundu la kuchajia.

Kisha tazama kisichotajwa. Wakitaja uwezo kwa kilo, ulizia umri kwa mizunguko. Wakitaja mizunguko, ulizia kwa joto gani na kwa kasi gani ya chaji. Wakitaja vyote bila jina la maabara huru iliyopima, wamejipima wenyewe.

Betri mbadala za lithiamu au sodiamu

Hii ndiyo teknolojia mpya itakayokufikia kwanza ukiwa na haibridi ya zamani: boksi la seli za lithiamu au sodiamu linaloingia pahala pa zile za nikeli. Baadhi ni kazi nzuri. Tatizo ni kwamba kompyuta ya gari ilifundishwa tabia ya nikeli na haijui kwamba kilicho ndani kimebadilika.

Nikeli ikizidishiwa chaji kidogo hugeuza ziada kuwa joto na kuvumilia. Lithiamu haivumilii. Sodiamu volti yake hupanda na kushuka kwa upana mkubwa kuliko ule ambao gari limeuzoea. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji: seli moja ikizidi kiwango, nani anakata umeme? Relei ni za gari, si za boksi lake. Kama ubao wake wa ulinzi hauna njia ya kuliambia gari lifungue relei, huo ni ubao wa kutazama. La pili: sensa za joto za gari zimegusa seli zenyewe au zinaning'inia hewani? La tatu: seli zimetengenezwa na nani, na hati ya majaribio ya UN 38.3 iko wapi? Hati hiyo inatakiwa kwa kusafirisha betri yoyote ya lithiamu, kwa hiyo asiyekuwa nayo amezipataje? La mwisho: chini ya nyuzi 0 boksi linafanya nini? Lithiamu ikichajiwa kwa nguvu kwenye baridi hiyo hujenga metali ndani ya seli, na madhara yake hayarudi nyuma.

Kuondoa kifaa kilichokwisha kufungwa

Ukinunua gari na kukuta chupa ya gesi ya maji karibu na betri au nyuma ya bampa, usiivute tu. Ndani mara nyingi kuna potasiamu hidroksidi, inayounguza ngozi na macho. Vaa miwani na glovu, toa kwanza fyuzi ya kifaa, acha dakika 10 na milango wazi ili gesi itawanyike, usiwashe kiberiti wala kutoa cheche. Ikikudondokea, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Ikiingia machoni, endelea kuosha na uende hospitali.

Fuata mpira wa gesi hadi ulikoingia. Ondoa bomba la hewa, utazame kwenye koo la injini kama kuna unga mweupe au alumini iliyolika. Ziba tundu kwa plagi ya kukaza, usitumie gundi, maana hewa isiyopimwa ikiingia hapo injini itamisi. Fuata nyaya hadi sensa ya oksijeni. Ukikuta imekatwa na kuunganishwa na kisanduku, rudisha waya wa asili kwa kulehemu na mpira wa joto. Futa kodi, tembea kilomita 100 za mchanganyiko, kisha usome marekebisho ya petroli ya muda mrefu kwenye kompyuta. Yakikaa ndani ya asilimia 5 juu au chini, injini imerudi kwenye hesabu yake. Yakibaki juu ya 10, kuna hewa inayoingia pasipojulikana, anza na lile tundu uliloziba.